Biti Zilizonyweshwa Kombe

"Umetia chuma ndani ya kombe?"

"Nimeona bakuli la maji, Bibi. Liko chini ya ngazi, ubavuni mwa mashine. Nikatia."

"Bakuli la maji! Na kawa? Si lilikuwa limefunikwa kawa?"

"Nimelitoa."

"Na ile rangi hukuiona?"

"Nlidhani kutu."

"Kutu! Zafarani hiyo! Mwalimu kaandika aya kwenye sahani nyeupe, na udhu wake, mie nikaiosha kwa marashi kwa mkono wangu huu, we unaiita kutu. Pua unayo?"

"Ninayo. Imesikia harufu ya mchuzi."

"Mchuzi! Lahaula! Nadir!"

"Naam."

"Usiniitikie naam na huku unacheka!"

Nlikuwa sicheki. Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Ukitulia watu wanadhani nawacheka, na ukifunguka wanajua nawatukana. Ndio ulionitoa skuli fomu ya pili, na wala sikulia. Lakini siku hiyo kweli nlikuwa sicheki, maana Bi Ummukulthum kasimama mbele yangu kashika biti yangu ya drili, ya milimita kumi, kama mtu aliyeshika mkia wa panya, na maji ya manjano yanadondoka kwenye kanga yake.

Huyu ni bibi yangu, mama yake baba. Ndiye aliyenilea kwenye nyumba hii ya Kiponda, yenye ngazi refu na kuta zinazomwaga chokaa kila ukipiga chafya. Siku nzuri huniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Siku hiyo alinitaliki. Tena mbele ya mashahidi: paka, na Tahiya.

Tahiya ni binti wa ami yangu, wa Uroa. Anasoma chuo Tunguu, anakaa kwetu. Kombe lilikuwa lake. Keshokutwa ana mtihani wa hesabu, na Bibi, ambaye kwenda sokoni tu magoti yanamlilia, alikuwa kajikokota mpaka kwa mwalimu wake wa zamani huko Malindi amwandikie mtoto dawa ya kufungua kichwa. Anywe kidogo kila asubuhi mpaka siku ya mtihani. Bakuli likawekwa chini ya ngazi kwa sababu hapo ndipo penye ubaridi. Na hapo ndipo karakana yangu ilipo. Sikuambiwa na mtu.

"Sasa mtoto atakunywa nini?" Bibi akasema. "Atakunywa misumari?"

"Basi, Bibi," Tahiya akasema pale ngazini alipokaa. "Niliyokwishakunywa yatosha."

"Yatosha! We ndiye mwalimu?"

"Nnahisi yashanipanda kichwani." Akatazama juu, upande wa darini, kama anayeyaona yakipanda.

Tahiya na kunitetea mimi hawajuani. Ningekuwa na akili ningeshuku hapo hapo. Lakini nlikuwa nnatazama biti yangu isianguke.

"Nadir, nisikize," Bibi akasema. "Nlikupa pahala pangu pa makaa uchezee chuma chako. Makaa yangu nikayapandisha ghorofani, nnayafuata kwa magoti haya. Nikasema, haya, kijana atafute maisha. Maisha yenyewe ndiyo haya, kutia chuma kwenye kombe! Kesho jiwe lako hilo la kunolea litoke, makaa yarudi."

"Bibi, ningoje Fundi Mjaka ajibu. Kesho nampelekea biti zake."

"Akikukataa?"

"Ntalitoa mwenyewe. Na makaa ntayashusha mwenyewe."

Akaniangalia. Akaitupa biti kwenye kopo lake, ngwa! "Na huyu akifeli, hesabu yake ntakufungulia wewe." Akapanda zake.

Sasa hizo biti. Fundi Mjaka ni Mtumbatu, ana karakana ya milango nyuma ya bandari, na mwaka huu kapata kazi ya hoteli moja Paje: milango ya msaji mtupu, ya kuchonga, yenye njumu za shaba, vile vichwa vya urembo. Msaji ni mbao ngumu, si mchezo. Kila njumu tundu lake, na kila tundu linakula biti. Na biti za dukani siku hizi zinapinda ukizitazama kwa jicho baya. Kwa hiyo Fundi ana kopo la maziwa ya unga limejaa biti butu, na mimi nna miezi namganda anipe kazi.

Kila nikimwendea jibu lake moja. "Nadir, mdomo wa fundi unao. Mikono sijaiona."

Mwisho kachoka, kanitupia lile kopo. "Haya. Si unasema una mashine? Zinoe. Zikitoboa, Paje tunakwenda sote. Zisipotoboa, usinijie tena na maneno yako, nnayo yangu."

Mashine ninayo kweli. Nimeiunda mwenyewe: mota ya mashine ya kufulia iliyotupwa, nimeifunga kwenye kipande cha gogo, jiwe la kunolea nimelinunua Darajani. Ukiiwasha inatetemeka, inatembea kidogo kidogo kuelekea mlangoni kama mgeni aliyekumbuka ana safari, inabidi niikanyage kwa mguu. Lakini inazunguka. Bibi anaiita mke mwenzake.

Mara ya kwanza nlizinoa zote kwa jioni moja. Nikazichongoa kama penseli za mtoto wa darasa la kwanza. Ukizigusa zinakuchoma. Nlivyozitazama nikajipenda. Nikampelekea Fundi, nikasimama mikono kiunoni.

Akatia moja kwenye drili, akaiweka juu ya msaji, akakandamiza. Biti ikalia kama paka kakanyagwa. Ikatoka moshi. Haikushuka hata unene wa ukucha.

Fundi akazima. Akanusa ule moshi.

"Nadir."

"Naam, Fundi."

"Mlango huu nimeagizwa wa kuchonga. Sikuagizwa wa kubanika."

Karakana nzima ikaanguka kicheko. Akaitoa biti, akaipeleka machoni. "Na hii umenichongea ya kupigia pweza. Nzuri sana. Ntawapelekea watu wa kwetu Tumbatu, maji yakitoka tu wanaingia nazo." Kisha akachomoa biti mpya mfukoni mwake, akanipa. "Chukua hii. Ikae na zako usiku mmoja, labda zitaona haya."

Mwengine angetupa kopo baharini. Mimi nlifika mpaka ukutani mwa bahari, nikalishika vizuri, nikarudi. Hasira zangu ni za kurudi.

Nikakaa chini ya ngazi na ile biti mpya na moja yangu. Nikazitazama, nazitazama, sioni kitu. Zote zina ncha. Basi nikauchukua mche wa sabuni wa Bibi wa kufulia, nikaisimamisha biti mpya juu yake, nikaizungusha kwa vidole. Ikakwangua sabuni, utepe mwembamba ukapanda. Nikatia yangu. Ikateleza. Imesugua tu, imeacha alama inang'aa kama sehemu aliyokalia mtu.

Ndipo nikaona. Ile mpya ina mdomo, pale mbele panapokata, na nyuma ya mdomo panashuka, kama paa linavyoshuka. Zangu nimeziacha kisogo kiko juu kuliko mdomo. Kwa hiyo kinachogusa mbao mwanzo ni kisogo, na mdomo uko nyuma unangoja zamu yake. Kinyume changu mimi. Kwangu mdomo hutangulia, kisogo kinafuata baadaye kimeinama.

Basi nikaanza upya. Unaigusisha midomo kwenye jiwe, kisha unaishusha mkia huku unaizungusha kidogo, kisogo kipungue. Upande huu, kisha upande wa pili, na pande zote mbili zilingane, maana ukiuacha mmoja mrefu biti inachechemea na tundu linakuwa pana kama mdomo wangu. Na usiiache jiweni mpaka iwe buluu. Ikigeuka buluu imekufa, hata uinoe vipi itakuwa butu kabla hujafika kati. Unaigusa jiwe, unaitia majini, tsss. Unaigusa, tsss.

Kopo langu la maji paka alikuwa kalimwaga. Nikanyoosha mkono bila ya kutazama, nikagusa kawa, nikalitoa. Bakuli. Maji. Tsss.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Sikulifanyia kombe la mtu ujeuri. Nlikuwa na kazi.

Asubuhi ya pili nikampelekea Fundi Mjaka. Safari hii sikuweka mikono kiunoni. Akatia biti kwenye drili, akaiweka juu ya msaji, akakandamiza. Ile sauti ya kulia haikuja. Ikaja sauti kama mtu anatafuna kashata, na tepe mbili za mbao zikapanda, moja kushoto moja kulia, zinajikunja. Biti ikashuka, ikashuka, ikatokea upande wa pili.

Akatia ya pili. Ikatokea. Ya tatu. Wale waliocheka juzi wakasogea.

Fundi akazima. Akalipuliza tundu, akatia kidole.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema.

"Si nlikwambia Fundi, mie mikono—"

"Kombe."

"Kombe nini?"

"Ati nini! Mji mzima unajua. Bibi yako kamwambia Bi Wanu dirishani, Bi Wanu kamwambia muuza kahawa, na muuza kahawa akijua jambo basi redio haina kazi. Umezinywesha biti zangu kombe."

"Fundi, nimeshusha kisogo! Kisogo kilikuwa juu, nikakishusha! Nimepima kwa sabuni!"

"Sabuni tena! Kwanza umezikosha, kisha umezinywesha. Maskini, zimetibiwa kweli." Akawatazama wenzake, uso mkavu. "Biti nimezikubali. We sijakukubali bado. Biti zimekunywa kombe. We umekunywa nini?"

"Nimekunywa matusi ya Bibi."

"Basi ntamchukua Bibi. Yeye na bakuli lake." Wakacheka tena. Fundi hakucheka, akanigonga begani na ile biti. "Baada ya alasiri ntakuja kwenu na biti moja nnayoijua mie. Nataka kuona kwa macho yangu kinachonoa ni nini. Nikiona ni wewe, Paje unakwenda. Nikiona ni bakuli, linakwenda bakuli, we utabaki kubeba makaa."

Kutoka bandarini mpaka Kiponda si mbali, lakini siku hiyo palirefuka. Masoud kinyozi kanisimamisha, kanitolea mkasi. "Hebu nichovyee huu, unang'oa ndevu za watu." Yuko mmoja hata simjui, kaniuliza kama simu inachovywa, betri yake haikai. Na mlangoni kwetu nikamkuta Bi Wanu mwenyewe kabeba mbuzi yake ya kukunia nazi.

"Shikamoo, Bi Wanu."

"Marahaba, mwanangu. Imekuwa butu, nakuna nazi kama nakuna ukuta. Itie kidogo tu, ncha yake."

"Bi Wanu, hii nikiipitisha jiweni mara mbili—"

"La, la, jiwe sitaki. Itie kwenye bakuli."

Nikaingia ndani nimefura. Bibi yuko msalani anatia udhu. Tahiya kakaa ngazini na kitabu chake.

"Mashine nimeunda mie!" nikamwambia. "Jiwe nimenunua mie! Vidole vilivyoungua ni vyangu, tazama! Na sifa anapewa nani? Bakuli! Mie nashindana na bakuli, Tahiya!"

Tahiya kacheka mpaka kakishika kitabu kisianguke.

"Na bakuli linashinda!" nikasema.

Hapo ndipo akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mtandio, akatazama upande wa msalani. Akaniita kwa kidole. Nikasogea.

"Hilo halikuwa kombe," akanong'ona.

"Nini?"

"Manjano. Ya jikoni. Kijiko, na maji ya mfereji."

Nikakaa kwenye ngazi. Harufu ya mchuzi. Pua yangu haikuwa na kosa lolote, tangu mwanzo.

"Na kombe lenyewe?"

"Nimelimwagia asumini la Bibi, lile la kwenye debe kule darini. Usinitazame hivyo. Sikulimwaga pabaya, nimelimwaga kwenye mti, na bismillahi juu yake. Asubuhi ya kwanza nilikunywa funda moja, Nadir, wallahi nikaona roho inatoka. Marashi yananitapisha tangu mtoto, hata harusini nakaa mbali na mrashi. Ningefanyaje? Nimwambie sitaki? Na magoti yale kaenda nayo Malindi?"

Mimi sikuwa nnasikia tena. Nlishasimama. "Basi nimepona! Fundi akija namwambia, manjano! Manjano hayanoi kitu! Basi kilichonoa ni mkono wangu!"

"Na Bibi?"

"Na yeye atasikia hapo hapo, sitasema mara mbili."

"Mwambie basi." Kicheko chake kikaondoka. "Mwambie mbele ya Fundi Mjaka kombe lake limenywewa na debe la asumini, na kesho nna mtihani. Kisha mtazame uso."

Nikarudi kukaa. Kwa sababu uso wa Bibi naujua. Akikasirika si kitu, akikasirika anapendeza. Ule mwengine ndio siuwezi, ule anaoufanya mtu akimpa salamu akamkosea jina lake, kama mtu aliyefunguliwa mlango kisha ukafungwa.

"Siwezi kusema uongo," nikamwambia. "Unanijua. Mdomo huu hauna kifuniko."

"Sikukwambia useme uongo. Nakwambia unyamaze."

"Kunyamaza sikufundishwa."

"Ndiyo. Skuli ulitoka mapema."

Baada ya alasiri, hodi. Fundi Mjaka kavaa kofia yake safi, kashika drili mkono mmoja, kibao cha msaji kwapani. Nikamkaribisha ukumbini. Bi Wanu naye kaingia nyuma yake na mbuzi yake, ati anapita tu.

Bibi kashuka kutoka darini, kashika kata ya kumwagia maji. Fundi kamwamkia, "Shikamoo, Bi mkubwa," naye kaitikia marahaba, kakaa kwenye kiti chake cha uzi. Nikaona si kawaida yake, kumwona Fundi bila ya kumuuliza bei ya milango.

"Nimekuja kuliona bakuli," Fundi akasema.

"Bakuli nshalikosha," Bibi akajibu.

"Ah! Basi biashara imekufa." Akatia mkono mfukoni, akatoa biti. Nene, nyeusi, ncha yake imekuwa mviringo kama kichwa cha kidole. "Mwenzenu huyu nnaye tangu sijaota mvi. Kila fundi kamkimbia. Sasa, Nadir, we unasifika kwa kusema kweli hata usipoulizwa. Leo nakuuliza. Kilichotoboa msaji wangu ni nini? Mkono wako au kombe la bibi yako?"

Wote wakanitazama. Tahiya yuko ngazini, kitabu kakishika kichwa chini. Bibi kaweka kata mapajani.

Neno lilikuwa ulimini. Manjano. Neno dogo tu. Likitoka, Paje yangu, makaa yabaki juu, na Fundi anikome. Nikahisi mdomo wangu unafunguka wenyewe kama unavyofunguka siku zote. Nikaung'ata. Kweli kweli, kwa meno.

"Sijui, Fundi," nikasema.

Hata paka alinigeukia.

"Hujui?" Fundi akasema. "We? Hujui?"

"Bakuli ni la Bibi. Mkono ni wangu. Uliingia humo. Basi. Nipe huyo mwenzenu, nimnoe kwa maji ya mfereji mbele yako. Akikataa, niache, na makaa nashusha leo."

Fundi akanipa. Tahiya mwenyewe kaniletea maji, kwenye kopo la chai, kamwonyesha Fundi: meupe. Bi Wanu kayanusa kwa niaba ya mtaa.

Nikawasha mashine, nikaikanyaga. Cheche zikaruka, Bi Wanu akapiga ukelele akarudi nyuma. Ilikuwa ngumu ile biti, na mtu wa kwanza aliyeinoa, Mungu amsamehe, alikuwa na haraka zake. Nikagusa, nikaitia majini. Nikagusa. Nikashusha kisogo, nikageuza upande wa pili, nikailinganisha machoni, mdomo mmoja mrefu, nikaurudisha. Mgongo wa fulana umeroa. Hakuna aliyesema, na wallahi hata mimi sikusema. Mwisho nikanyoosha mkono, "Bibi, sabuni," naye akainyoosha kutoka dirishani bila ya kuuliza. Nikazungusha. Utepe ukapanda.

Nikampa Fundi. Akaitia kwenye drili, akakiweka kibao kwenye kizingiti, akakikanyaga. Akakandamiza. Sauti ya kashata. Tepe mbili, kushoto na kulia. Ikashuka mpaka ikaligusa jiwe la kizingiti, Bibi akasema, "We, mlango wangu!"

Fundi akazima. Akalipuliza tundu. Akalitazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili.

"Nadir. Mkono huu ndio ulioingia bakulini?"

"Ndio."

"Mpaka wapi?"

"Hapa, kifundoni."

"Basi ndiyo sababu," akasema. "Umeroa. Hiyo haitoki leo wala kesho."

Bi Wanu akasema, "Si nlisema!" Mimi nikafungua mdomo. Tahiya akakohoa. Nikaufunga.

Na Fundi Mjaka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka. Akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. "Msimtazame hivyo, atapasuka! Haya, yatosha. Mkono nauchukua. Na mdomo utakuja nao, maana nadhani umeunganishwa. Jumamosi asubuhi, karakanani, Paje. Mashine yako uje nayo, lakini uifunge kamba isije ikaingia baharini." Akamuaga Bibi, akamwambia Bi Wanu ampishe njia na huyo mbuzi, akatoka.

Bi Wanu nikamnolea mbuzi yake. Jiweni. Mkono ulioroa ukamtosha, akaondoka na shukrani.

Tukabaki watatu. Bibi bado kakaa.

"Mume wangu," akasema.

Nikajua talaka imekwisha. "Naam."

"Leo umenyamaza."

"Nimejaribu."

"Iliuma?"

"Mpaka masikioni, Bibi."

Akatikisa kichwa, akajisukuma kutoka kwenye kiti, mkono mmoja gotini. Nlitaka kumsaidia, akanipiga kofi la mkono. "Makaa yangu yatabaki huko huko juu. Wewe ndiye utakayekuwa ukiyashusha, hata ukiwa Paje." Akaiokota kata yake. Akasimama pale chini ya ngazi, hamtazami mtu, anaitazama kata.

"Nimetoka kulimwagia maji asumini langu," akasema. "Mwaka mzima halijanipa hata ua moja. Leo udongo wake unanuka marashi."

Kitabu cha Tahiya kikaanguka, kikashuka ngazi tatu. Mimi nikaanza kuipangusa mashine, ambayo haikuwa na vumbi.

"Tahiya."

"Abee, Bibi."

"Kasome, mwanangu. Kasome sana. Kesho kwenye mtihani huo mko wawili, na mwenzako kakunywa lote."

Akageuka, akashika ukuta, akapanda zake juu, pole pole, na kata yake.